Safu Iliyokubali Kipande Kimoja

Wiki iliyopita binti mmoja aliyeajiriwa ofisini kwetu baada ya mimi kustaafu alinipigia simu. Aliniamkia, akaulizia magoti yangu, kisha akafika kwenye shida yake. Alikuwa anatengeneza jedwali la wenye viwanja kwenye kompyuta, na hakujua safu ya simu za watu aipe aina gani, namba au maandishi. Nikamuuliza kama kuna siku atataka kujumlisha simu ya mtu na simu ya jirani yake. Akacheka. Basi, nikamwambia, hiyo si namba, hata kama ina tarakimu mwanzo hadi mwisho. Kitu ambacho hutakijumlisha wala kukigawanya kiweke kama maandishi, ukalale.

Alidhani nimemaliza. Mimi nikaendelea mpaka salio lake likakata, na nilikuwa bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Ninyi mnaoingia kazi hii ya ramani leo mnadhani kazi ni kuchora. Kuchora ndiyo sehemu rahisi. Nyuma ya kila ramani mnayoiona ukutani kuna jedwali, na kwa kila safu ya jedwali hilo kuna mtu aliyeketi akaamua itapokea nini na itakataa nini. Nimemwona mjane wa milima ya Ileje akipoteza ardhi iliyomlisha kwa sababu ya uamuzi wa namna hiyo. Jina lake Mama Enesi. Aliyeamua hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa Mzee Kibona, shemeji yake wa damu, mdogo wa marehemu mumewe, na ndiye aliyenifundisha kazi. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwema kuliko yeye, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alinipokea nikiwa msichana niliyetoka Ihanda na cheti cha uchoraji ramani na viatu vya kuazima. Wakati huo tulichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi angavu. Ukikosea unaukwangua wino kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Mimi nilitoboa nyingi. Mzee Kibona hakugomba. Alikuwa Mndali wa milimani, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na akitaka kukukosoa anaanza kwa kukuita "mwanangu", hapo ujue umeharibu. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wa rika lake walinuna wakasubiri pensheni. Yeye aliweka kitabu cha maelekezo mapajani kama mwanafunzi wa sekondari, akasoma hadi akaelewa, kisha akatuita mmoja mmoja kutuelekeza.

Msemo wake ulikuwa kwamba jedwali linalokubali kila kitu ni jalala. Alitaka kila safu iwe na aina yake na masharti yake: hapa tarehe tu, hapa namba tu, hapa ndiyo au hapana. Na alikuwa na sababu. Jedwali letu la kwanza la viwanja vya Tunduma liliandaliwa na mtaalamu aliyekuja akaondoka, na simu za watu alikuwa ameziweka namba. Kompyuta ikiona sifuri mbele ya namba inaitupa, maana kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Na hapa mpakani wafanyabiashara wengi wana laini za ng'ambo, wanaziandika na alama ya kujumlisha mwanzoni. Alama nayo ikatupwa. Muuza mitumba mmoja wa mtaa wa Sogea akaja amevimba, akidai tumemkalia hati yake makusudi kwa kuwa mke wake ni Mbemba wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nasi tukijitetea kwamba tumempigia mpaka tumechoka. Kote kuwili watu walikuwa wanasema kweli. Mzee Kibona alimwomba radhi, akaigeuza safu yote kuwa maandishi, na ndipo aliponifundisha lile swali la kujumlisha.

Kuna na lile la sifuri na tupu, ambalo nawasihi mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Tulipokea jedwali la visima kutoka kwa watu wengine. Safu ya kiasi cha maji ilikuwa imekatazwa kubaki tupu, na mahali ambapo hapajajazwa kompyuta ilijiwekea sifuri yenyewe. Kisima ambacho hakikuwa kimepimwa kikaonekana kina maji sifuri. Upande wa Ruanda, hii ya kwetu na si ile nchi, kulikuwa na kisima ambacho akina mama walichota kila siku huku kwenye ramani kimekauka. Pampu yake ilipokufa hakutumwa fundi, kwa sababu nani anatengeneza pampu ya kisima kikavu. Wakarudi mtoni. Sifuri ni jibu, wanangu. Tupu ni kukiri kwamba hujui, na hakuna aibu kuiruhusu safu ikiri.

Nimezunguka sana. Turudi milimani.

Kule Ileje, mvua zikikatika, miteremko inakauka mapema. Mahindi na kahawa ni vya juu, na juu ndiko wanaume wanakohesabu kuwa kuna shamba. Lakini chini bondeni, kwenye ardhi nyeusi isiyokauka, kila nyumba ina kinyungu, matuta machache yanayolimwa kiangazi, maharage, viazi, mboga za majani. Kinyungu ni cha mwanamke. Mama mkwe mgongo ukimlemea humchukua mke wa mwanawe asubuhi, humshusha bondeni, humwonyesha mfereji na mawe ya mpaka, na tangu siku hiyo kinyungu ni cha mkwe. Haitwi shahidi, haiandikwi karatasi, na mwanamume haulizwi.

Mama Enesi alikabidhiwa hivyo na mama yake Mzee Kibona. Baadaye mumewe alifariki, watoto wakavuka kwenda Zambia kutafuta maisha, wakamwachia wajukuu. Shamba la juu lilimtosha kwa muda baada ya mavuno. Kuanzia hapo mpaka mvua nyingine, nyumba yake ilikula kutoka bondeni. Hakuwa na kitu kingine.

Mradi wa kupima mashamba na kutoa hati za kimila ulipoingia kijijini kwao, ambacho jina lake nalihifadhi, Mzee Kibona alikuwa karibu kustaafu, na akapewa yeye kuandaa jedwali. Alifurahi kama kijana aliyeposa. Watu wake mwenyewe, vilima alivyochungia mbuzi, sasa vitaingia kwenye kompyuta kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nimebanwa na viwanja vya Tunduma, lakini meza zetu zilitazamana, kwa hiyo niliona alivyolitengeneza jedwali lile kwa upendo. Safu ya jina la kaya aliiwekea sharti kwamba jina lisijirudie, kaya moja mstari mmoja, ili mtu mwenye nguvu asijiandikishe mara nyingi. Na safu ya umbo la shamba akaipa aina ya poligoni moja.

Kwa asiyeijua kazi yetu, poligoni ni mpaka unaozunguka na kujifunga, mfano wa uzio. Safu inaweza kuwa ya poligoni moja, hapo inapokea uzio mmoja tu kwa kila mstari. Au inaweza kuwa ya poligoni nyingi, hapo mstari mmoja unabeba vipande kadhaa vya mtu yule yule vilivyo mbalimbali. Kwa viwanja vya mjini poligoni moja ndiyo sahihi. Kiwanja ni kimoja, kina mpaka mmoja, na ukiona viwili umeibiwa. Mzee Kibona alitoka mjini na kanuni hiyo akapanda nayo milimani.

Vijana wa kupima walipofika kijijini, watu waliwaonyesha vyote viwili. Walitembea nao juu kuzunguka kahawa na mahindi, kisha akina mama wakawashusha bondeni, wakasimama kwenye matuta yao na majembe mkononi kuonyesha mwanzo na mwisho. Kishikwambi walichopimia kilipokea cha juu. Cha chini kikakigomea kwa maandishi mekundu, maana kaya ilikwisha kuwa na mstari wake na uzio wake. Vijana wakampigia Mzee Kibona, nami nikiwa mezani kwangu nikasikia anavyowajibu.

"Chukueni kikubwa," alisema. "Kinyungu si shamba. Kinajulikana ni cha nani."

Nimelitafakari sana jibu hilo tangu nilipostaafu. Mgeni asingelitoa. Mgeni angeuliza kinyungu ni nini, akaelezwa, akahangaika kutafuta namna ya kukiingiza. Mzee Kibona hakuuliza kwa sababu alikuwa amekulia kwenye kinyungu. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia wanawake wawili wamefikishana barazani kwa ajili ya matuta ya bondeni. Kwake yeye kinachoandikwa ni kile kinachogombewa, na hiki hakikugombewa kamwe. Kuwa mwenyeji ndiko kulikomponza.

Ramani ilitoka nzuri. Niliitazama mwenyewe ukutani, miteremko imejaa mashamba yenye rangi na majina, na katikati bonde refu limebaki jeupe. Mkutano wa kijiji ulipokaa kupanga matumizi ya ardhi, sehemu zote nyeupe zilihesabiwa kuwa ardhi ya akiba. Baadaye akaja mwekezaji anayetafuta mahali penye maji pa kuoteshea miche na kupanda mikaratusi, akaonyeshwa akiba. Akakubaliwa. Wanaume waliokaa mbele walinyoosha mikono wakitazama ramani, na ramani ilikuwa imetoka kwa mtoto wa kijiji, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Akina mama waliokuwa nyuma hawakujua kwamba kile cheupe kwenye karatasi ndipo walipo wao.

Mama Enesi alikuja Tunduma mwenyewe. Alikuwa ameteremka kwenye gari pale Mpemba akatembea sehemu iliyobaki, pembeni ya malori yaliyopanga foleni ya kuvuka, na alifika ofisini viatu na pindo la kitenge vimejaa vumbi. Mzee Kibona alisimama kumpokea, akamtafutia kiti, akaagiza chai. Yeye akafungua hati yake aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitandaza mezani.

"Shemeji," akasema, "hii ni ya juu. Ya chini iko wapi?"

Mzee Kibona akaanza kumtuliza, kwamba ya chini haina haja ya hati, kijiji kizima kinajua ni yake. Mama Enesi akamwacha amalize, kisha akamweleza kwamba vigingi vimeshapigwa, na kwamba aliposhuka kumwagilia alikuta kamba imepita juu ya maharage yake. Aliwauliza wenye kamba, wakamwonyesha ramani.

Mzee akafungua kompyuta. Alilikuza bonde mpaka likajaa kioo chote, jeupe tupu. Akalivuta juu, akalivuta chini, akitafuta angalau mstari mmoja. Kinyungu cha mama yake mzazi hakikuwapo, wala cha mwanamke yeyote wa kijiji kile.

"Mwanangu," akaniambia, "ifungue hiyo safu."

Nikaifungua. Kuigeuza aina kutoka poligoni moja kwenda poligoni nyingi ni amri ya mstari mmoja, na kuliondoa sharti la jina ni amri nyingine kama hiyo. Chai ya Mama Enesi ilikuwa bado inafuka moshi nilipomaliza. Kompyuta haikubisha hata kidogo. Na hapo nikajifunza jambo ambalo hakuna kozi iliyowahi kunifundisha, kwamba ukiibadilisha safu hukirudishi ilichokwisha kukataa. Kilichokataliwa hakiendi kukaa mahali kikingoja. Wale vijana walikuwa wamepima bonde zima kwa miguu yao, na hakukubaki hata nukta moja ya kuonyesha kwamba walipita.

Tulipanda kijijini mimi na yeye. Ukungu ulikuwa umeshuka. Kwenye ofisi ya kijiji walikuwa wamekaa wajumbe mbele na akina mama wengi ukutani, kwa sababu kumbe wote walikuwa wameona kamba kwenye matuta yao. Mzee Kibona hakuzunguka. Aliwaambia kwamba mashamba ya bondeni yalionyeshwa, yalipimwa, na ni yeye aliyetengeneza jedwali lililoyakataa. Aliomba bonde lipimwe upya na mkutano uitishwe tena.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo, mpole, na nilimwonea huruma hata yeye. Alisema makubaliano yameshawekwa sahihi na miche imeshateremshwa. Alisema kurudi nyuma ni kesi, na kijiji hakina nguvu ya kesi. Akina mama watafikiriwa mkataba utakapoisha. Kisha akamgeukia Mzee Kibona.

"Mzee, maneno yako ya leo tunayaamini," akasema. "Lakini na ramani tuliiamini kwa sababu ilitoka kwako."

Akina mama walitoka wakapitia bondeni kung'oa viazi vilivyokuwa ardhini, vilivyokomaa na visivyokomaa, kabla jembe la mwekezaji halijafika. Mzee Kibona alivua koti akaenda kuwasaidia, nami nikamfuata. Mama Enesi alitugawia kila mmoja gunia la kushika, hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Sasa nisikilizeni, maana sitaki haya yawe hadithi ya kusikitika tu. Kabla hujaichagulia safu aina, tafuta mtu ambaye jedwali lako litamsumbua kuliko wote, umwingize yeye kwanza. Mwenye vipande vinne vilivyotawanyika. Mwenye nyumba ambayo chumba kimoja watu wanabishana kama kiko kwetu au Nakonde. Mjane asiye na kitambulisho. Akiingia huyo, wengine wataingia. Nenda kijijini masika, kisha nenda tena kiangazi, kwa sababu ardhi ina kazi mbili na ukienda mara moja utaiona moja. Waulize wanawake wanalima wapi, waulize mbali na wanaume. Na ukiweka sharti, kwa sababu masharti lazima yawepo, tengeneza pia jedwali la pembeni la kupokea kila kilichokataliwa, pamoja na sababu. Usimwachie aliyeko shambani achague cha kutupa. Akiuliza kwa simu, usijibu ukiwa umekaa. Hayo yote ningeweza kuyaita ujuzi wangu, lakini niliyapata kwa kumwangalia mwalimu wangu akianguka.

Alistaafu kimya. Tulitaka kumfanyia sherehe akakataa. Nilikuwa nikimtembelea kwake Mpemba, na kila nikifika aliulizia jedwali lile kama mtu anavyoulizia mgonjwa, kama wamelipima bonde, kama kuna aliyekwenda. Nilimwambia ukweli, kwamba safu iko wazi na hakuna aliyeingizwa. Alitikisa kichwa. Mwaka wa mwisho aliacha kuuliza, nami nikajua ameshaanza kuondoka.

Alifariki kiangazi, tukampeleka kwao kumzika. Kule, msiba ukiangukia kiangazi, wanawake walikuwa wakishuka bondeni alfajiri na kupanda na mboga za kuwalisha waombolezaji, kila mmoja kutoka kinyungu chake. Safari hii gari lililobeba jeneza lilibeba na viroba vya kabichi tulivyonunua sokoni Tunduma. Baada ya mazishi nilimkuta Mama Enesi nyuma ya jiko, ameketi mbele ya karai, anakatakata kabichi ambazo majani ya juu yalikuwa yameshaanza kunyauka kwa safari. Bonde lilionekana kutokea pale, mikaratusi imesimama kwa mistari. Nilimpa pole. Akaitikia, akaendelea kukata.

"Mama yake alinipa bonde ili nimlishie watoto wake," akasema bila kuinua macho. "Leo, dada, tumemzika kwa mboga za kununua."

Nikavuta kigoda, nikachukua kisu kingine, nikaanza kukata pamoja naye.